Kikohozi cha kuku na dawa iliyohamia Mbagala

Kuku wa nyama hukohoa usiku. Mchana banda lina kelele zake na mfugaji hasikii kitu, lakini taa ikipunguzwa na kuku wakitulia, ndipo kinasikika kile kikoromo cha kooni: mmoja kwenye kona, wa pili karibu na mlango, kesho yake robo ya banda. Wafugaji wazoefu wa Chamazi, Toangoma, Bunju na Tegeta hupita nje ya banda usiku na kutega sikio kabla ya kwenda kulala. Kukikucha mtu anakwenda duka la dawa za mifugo, anasema kuku wana mafua, anapewa pakiti ya unga. Mara nyingi ndani yake mna tailosini, peke yake au ikiwa imechanganywa na doksisaiklini. Inatiwa kwenye maji ya kunywa siku tatu mpaka tano, kuku wanapata nafuu, wanauzwa. Bechi inayofuata inaingia, na baada ya wiki chache kikoromo kinarudi.

Tailosini ni ya ukoo wa dawa unaoitwa makrolaidi. Ndugu zake wanajulikana zaidi hospitalini kuliko bandani: erithromaisini, ambayo wazazi wengi wamewahi kuwanywesha watoto wenye kifua, na azithromaisini, ile ambayo wakazi wengi wa Dar es Salaam wanaiita azuma na kuinunua kama wanavyonunua panadoli. Namna ukoo huu ulivyofika kwenye ndoo za maji ya kuku pembezoni mwa jiji ni habari ndefu, na sehemu yake kubwa haikutokea kwenye maabara.

Tuanze na kimelea chenyewe. Kikohozi hicho cha kuku, ambacho vitabu vya ufugaji hukiita mafua sugu, husababishwa na bakteria mdogo mno aitwaye Mycoplasma gallisepticum. Maikoplasma hawana ukuta wa seli. Penisilini na dada zake hufanya kazi kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta huo, kwa hiyo kumtibu kuku wa mafua sugu kwa penisilini ni sawa na kumpeleka fundi wa kubomoa kuta kwenye hema. Makrolaidi hupita njia nyingine. Huingia ndani ya bakteria na kukaba kile kiwanda kidogo kinachotengeneza protini, bakteria akashindwa kukua. Tena dawa hizi zina tabia ya kujikusanya kwenye mapafu kwa wingi kuliko kwenye damu, yaani palepale adui alipo.

Afrika Mashariki ina historia nzito na jamii hiyo ya vimelea. Maikoplasma wa kwanza kabisa kutambuliwa duniani, mwaka 1898 huko Ufaransa na kina Nocard na Roux, ndiye anayeleta homa ya mapafu ya ng'ombe. Mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Mwingereza, ng'ombe wa hapa walipatikana na aina ya kimelea hicho ambayo haikuwa kali sana. Ilipewa jina la T1. Ilipitishwa kwenye mayai yenye viinitete mara 44 ikazidi kupoa, ikawa T1/44, na ndiyo chanjo inayotumika katika sehemu kubwa ya Afrika mpaka leo. Mwaka 1976, Kenya, watafiti MacOwan na Minette walimtenga maikoplasma mwingine kutoka kwenye mapafu ya mbuzi, wakamwita F38. Huyo ndiye anayeleta homa ya mapafu ya mbuzi, ambayo wafugaji wa Pwani na Morogoro wanaijua vizuri, na ambayo tailosini ni moja ya dawa zake. Kwa hiyo wakati kuku wa kisasa walipoanza kukohoa Dar es Salaam, wataalamu wetu hawakuwa wageni wa adui. Walikuwa wamezoea kumkuta kwenye ng'ombe na mbuzi, si kwenye banda la nyuma ya nyumba ya karani.

Dawa zenyewe zilitoka udongoni. Mwaka 1949 daktari Mfilipino, Abelardo Aguilar, aliyekuwa akifanyia kazi kampuni ya Eli Lilly ya Marekani, alituma sampuli ya udongo kutoka jimbo la Iloilo. Timu ya James McGuire, Indianapolis, ikakuta ndani yake kijidudu kinachotengeneza sumu ya kuua bakteria wengine. Mwaka 1952 dawa hiyo, erithromaisini, ilitangazwa na kuingia sokoni kwa jina la Ilotycin, kwa heshima ya Iloilo. Heshima iliishia kwenye jina. Aguilar alidai mrabaha wake kwa miaka mingi, akafariki mwaka 1993 bila kuupata. Muda mfupi baadaye Wafaransa walipata spiramaisini kutoka kwenye udongo wa kaskazini mwa nchi yao. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Eli Lilly hao hao, safari hii kutoka kwenye udongo wa Thailand, wakaipata tailosini.

Hapo ndipo ukoo ulipogawanyika. Erithromaisini ilikwenda kwa binadamu kwanza, wanyama wakafuata. Tailosini haikuwahi kuwa dawa ya watu: ilitengenezwa kwa ajili ya mifugo tangu mwanzo, ikauzwa kwa jina la Tylan. Wakati inaingia sokoni, ufugaji wa Marekani ulikuwa umegeuka. Miaka kadhaa kabla, Thomas Jukes na Robert Stokstad wa kampuni ya Lederle walikuwa wamegundua kwamba vifaranga wanaolishwa mabaki ya utengenezaji wa dawa ya Aureomycin wanakua haraka kuliko wenzao. Kuanzia hapo antibiotiki kidogokidogo kwenye chakula, hata kwa mnyama mzima wa afya, ikawa biashara kubwa. Tailosini iliingia humo kwa miguu miwili: dozi kamili kwa kuku anayekohoa na nguruwe anayeharisha, na chembechembe kwenye chakula ili mnyama anenepe.

Lakini kuna matumizi ya tatu, na kwa maoni yangu ndiyo yenye maana zaidi kwa mfugaji wa Mbagala. Maikoplasma wa kuku hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto kupitia yai. Kifaranga anaweza kutoka kwenye mashine ya kuangulia akiwa tayari amebeba ugonjwa, hata banda liwe safi namna gani. Wamarekani na Wazungu walipoligundua hilo, walianza kuchovya mayai ya kuku wazazi kwenye maji baridi yenye tailosini. Yai lenye joto likitumbukizwa kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani hunywea na dawa huvutwa kupitia vitundu vya ganda. Waliitumia dawa mwanzoni mwa mnyororo ili wapate kizazi kisicho na ugonjwa. Sisi tuliipokea dawa ileile na kuiweka mwishoni, kwenye ndoo ya maji ya kuku wa wiki ya nne.

Tuliipokeaje? Miaka ya 1970 kuku wa kisasa walikuwa kwa sehemu kubwa mambo ya serikali, ya mashirika ya umma yaliyokuwa chini ya mamlaka ya mifugo ya LIDA. Bwana mifugo ndiye aliyekuwa na dawa, na dawa aliyokuwa nayo ilitegemea fedha za kigeni za wizara. Kisha vikaja vita vya Kagera vya 1978 na 1979, maduka yakabaki na rafu tupu, na mshahara wa mtumishi wa umma ukawa hauwezi kumaliza wiki mbili. Mwanazuoni Mmarekani Aili Mari Tripp, aliyefanya utafiti Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1980, ameeleza namna watumishi na wake zao walivyogeukia miradi: maandazi, barafu, ng'ombe wa maziwa, na kuku. Malongo Mlozi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) aliandika sana kuhusu ng'ombe na kuku waliojaa kwenye nyua za jiji. Ng'ombe walizidi mpaka serikali ikatunga kanuni za kilimo cha mjini mwaka 1992 kuwawekea ukomo. Kuku hawakuhangaikiwa kiasi hicho. Banda la mabanzi na wavu nyuma ya nyumba, vifaranga mia mbili, pumba kutoka kwenye vinu vya Shirika la Usagishaji la Taifa, na mama wa nyumba akawa mkurugenzi wa mradi.

Dawa zilikuja na ruksa. Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa amezipata wapi, na chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi mlango ukafunguka zaidi. Kati ya vitu vilivyoingia, pamoja na mitumba na betri, ni pakiti za dawa za mifugo kutoka Ulaya, Kenya na baadaye India, Uchina na Jordan. Wakati huohuo mageuzi ya uchumi yalikuwa yakiipunguza serikali kwenye huduma za mifugo. Bwana mifugo aliyekuwa akija na begi lake bure akaanza kulipwa, au akafungua duka, au akastaafu bila mwingine kuletwa. Pengo lake likazibwa na muuza duka. Hili ndilo jambo la msingi katika historia hii yote: mfugaji wa pembezoni mwa jiji alikutana na antibiotiki za kisasa kwenye kaunta, katika miaka ileile ambayo mtu wa kumweleza ni ya ugonjwa gani alikuwa anapotea.

Sheria ilikuja nyuma. Sheria ya Veterinari na ile ya Chakula, Dawa na Vipodozi zote ni za mwaka 2003. TFDA iliyozaliwa na sheria hiyo ya pili, ambayo tangu 2019 inaitwa TMDA, ndiyo inayosajili dawa za mifugo, na kwenye karatasi antibiotiki ni dawa ya kuandikiwa na daktari wa mifugo. Kwenye kaunta mambo ni mengine. Muuzaji anauliza maswali mawili: kuku ni wangapi, na wana umri gani.

Chukua pakiti moja ya aina inayouzwa sana, uisome kwa miwani. Mbele kuna picha ya jogoo mwekundu. Nyuma, kwa herufi ndogo, ndani ya unga huohuo mna erithromaisini, oksitetrasaiklini, streptomaisini, kolistini na vitamini lukuki. Dawa nne za kuua bakteria kwa pigo moja, na vitamini za kumfanya mfugaji aone kuku wamechangamka. Mchanganyiko wa namna hiyo ulibuniwa kwa ajili ya mtu asiyejua anatibu nini. Ni wa kurusha wavu mpana. Erithromaisini ndani yake inaweza kuwa ndogo mno kumtuliza maikoplasma, ila inatosha kuwafundisha bakteria wengine wa tumboni namna ya kuikwepa.

Na ndipo neno mafua linapoleta balaa lake. Kuku anayetoa makamasi Dar es Salaam anaweza kuwa na mafua sugu ya maikoplasma. Anaweza kuwa na mafua ya kuku yale ya uso kuvimba na kunuka, yanayoletwa na bakteria mwingine ambaye erithromaisini humweza. Anaweza pia kuwa na mdondo, ambao wengine huuita kideri, na huo ni wa virusi: tailosini haiugusi kabisa. Anaweza kuwa hana ugonjwa wowote ila banda limezibwa turubai pande zote kwa kuogopa baridi ya Julai, maranda yamelowa, na hewa ya amonia imemchoma koo. Kwa wote hao pakiti inayotoka dukani ni moja. Yule wa amonia atapona mfugaji akifungua turubai siku ileile aliyoanza dawa, na sifa itakwenda kwa dawa.

Kinachokera katika habari ya mdondo ni umbali. Ukipita barabara ya Mandela utasikia kondakta akiita Temeke Veterinari, na kituo hicho kimepata jina lake kutokana na maabara ya serikali iliyopo hapo, ambayo tangu 2012 ni Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA). Wakala hiyo hutengeneza chanjo ya mdondo inayostahimili joto, TEMEVAC, kutokana na mbegu iitwayo I-2 iliyoandaliwa na Peter Spradbrow na wenzake Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na kutolewa bure kwa nchi zinazoendelea. Ni tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu hivi. Hata hivyo kuna mabanda ya Temeke yenyewe, daladala moja kutoka hapo, ambamo kuku wa mdondo wananyweshwa makrolaidi mpaka wanaisha.

Huko ng'ambo nako hawakuwa malaika. Ripoti ya kamati ya Swann ya Uingereza ilionya tangu 1969 kwamba dawa za kutibia zisiwe chakula cha kunenepeshea. Sweden iliupiga marufuku unenepeshaji wa namna hiyo mwaka 1986. Umoja wa Ulaya uliamua Desemba 1998 kuziondoa tailosini na spiramaisini, pamoja na nyingine mbili, kwenye orodha ya vikuzaji, na mwaka 2006 ukafunga mlango kwa vikuzaji vyote vya antibiotiki. Sababu ilikuwa imeonekana Denmark: bakteria wa tumboni mwa nguruwe waliolishwa tailosini walikuwa sugu pia kwa erithromaisini, na matumizi yalipokoma usugu ulishuka. Bakteria akijifunza kumkwepa mmoja wa ukoo huu mara nyingi huwakwepa ndugu wote, pamoja na dawa za koo jirani.

Wakati Ulaya inafunga, makampuni yalikuwa yanafungua upande mwingine. Tilmikosini iliingia kwa ng'ombe wenye homa ya mapafu, dawa kali kiasi kwamba sindano ikimchoma mchungaji kwa bahati mbaya inaweza kuusimamisha moyo wake, na kwa mbuzi na farasi ni hatari. Mwaka 2003 ikaja tulathromaisini, Draxxin, sindano moja inayokaa mapafuni siku nyingi. Wenye ng'ombe wa maziwa wa Mbezi wanaifahamu zaidi kwa bei yake.

Kwa nini hayo yamhusu asiyefuga? Kwa sababu azithromaisini na tailosini ni damu moja, na Tanzania inaitegemea sana ile ya kwanza. Mwaka 1999 nchi yetu ilikuwa kati ya za kwanza duniani kugawiwa azithromaisini ya bure dhidi ya trakoma, na Kongwa, Dodoma, ni jina linalojulikana na wataalamu wa macho wa dunia nzima kwa utafiti uliofanyika kule. Kilosa ilikuwa moja ya sehemu za utafiti wa MORDOR, uliojaribu kama dawa hiyohiyo inapunguza vifo vya watoto wadogo. Na kuku ndiye mwenye kubeba bakteria wa Campylobacter, wanaowafanya watu waharishe, ambao makrolaidi ndiyo dawa yao.

Mwaka 2009 watafiti wa SUA walichapisha matokeo kuhusu kuku wa nyama wa Manispaa ya Morogoro, wakakuta masalia ya antibiotiki kwenye sehemu kubwa ya sampuli. Serikali ilitoa mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, UVIDA, mwaka 2017, ukafuatiwa na wa pili. Muda wa kusubiri, yaani siku ambazo kuku hapaswi kuchinjwa baada ya dozi ya mwisho, umeandikwa kwenye kila lebo halali. Lakini hebu mwulize mtu mwenye kuku mia tatu wa wiki ya tano, ambao wameanza kukohoa Jumatano na mnunuzi wa Shekilango anakuja Ijumaa, na kila siku ya ziada wanakula mfuko wa chakula. Hasara ya kusubiri anaibeba peke yake, na hakuna anayempimia kuku wake sokoni ili aliyesubiri alipwe zaidi ya asiyesubiri. Mimi siwezi kumhukumu mtu huyo kwa wepesi ambao mabango ya kampeni humhukumu nao.

Ndiyo maana narudi kwenye yai. Nchi zilizoudhibiti ugonjwa huu hazikuushinda kwa tailosini. Kuchovya mayai kulisaidia miaka michache, lakini kilichomaliza kazi ni kupima kuku wazazi na kuwaondoa wenye ugonjwa. Marekani ina mpango wa hiari wa namna hiyo tangu 1935, ulioanza na ugonjwa wa kuharisha kweupe kwa vifaranga na baadaye ukaingiza maikoplasma. Kipimo chenyewe si cha ajabu. Tone la maji ya damu ya kuku linawekwa kwenye kigae cheupe, pembeni yake tone la kitendanishi chenye rangi, vinachanganywa kwa kijiti na kigae kinatikiswa taratibu. Ndani ya dakika mbili hivi, kama kuku ameshakutana na maikoplasma, rangi inagandamana vipande vipande kama maziwa yaliyokatika. Asipokuwa nao, inabaki laini.

Dar es Salaam leo vifaranga vinatoka kwenye viwanda vya Kibaha na jijini kwenyewe, na kwa waanguaji wadogo wenye mashine sebuleni wanaookota mayai kwa yeyote mwenye jogoo. Kwenye boksi la vifaranga mia utakuta maandishi ya chanjo ya ugonjwa wa mahepe ikiwa una bahati, na jina la muuzaji. Hali ya maikoplasma ya wazazi wao haiandikwi, na mnunuzi wa Chamazi haiulizi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba ni swali linalojibika kwa kigae na dakika mbili.